Bunduki ya Mkwe

Skrubu ya shaba, iliyofungwa kwenye drili ya mkono, ilizunguka mdomoni mwa bunduki, kichwa chake cha mviringo kimepakwa uji wa msasa, ule wanaosagia vali za gari. Mzee Mselem alikuwa amejikomea jikoni kama mwizi, mkewe, Bi Wahida, akiwa kwa jirani. Nyumba yake mwenyewe, hapa Ruwais, Jeddah, alimowalea wanawe wote! Aliona haya hata kwa paka.

Bunduki haikuwa yake. Hamad, mume wa binti yake Muna, aliirithi kwa marehemu babake, na alipohamishiwa kazi Riyadh alimwachia mkwewe. Mselem akaitunza kwa mapenzi yaliyopita kiasi. Kila Ijumaa alipenyeza ufito wa chuma kwa mbele, akasugua mpaka jasho likamtoka. Kumbe ufito ule ulikuwa ukiila kingo ya mdomo, na risasi ikawa inatoka ikienda upande.

Idi iliyopita, kwenye mashindano ya shabaha ya ukoo nje ya Riyadh, Mselem alimpelekea bunduki yake, na Hamad hakuangusha hata kopo moja. Binamu zake walimcheka, wakasema damu ya babake imeishia njiani. "Macho yangu haya," Hamad alisema. Mselem naye alicheka, tena kwa sauti.

Mselem aliporudi nayo Jeddah, fundi wa bunduki alipitisha pamba mdomoni, ikanasa kwenye kingo iliyoliwa.

"Nani anaisafisha kwa mbele?"

"Mkwe wangu," Mselem alijibu, na uongo ukamtoka kabla hajaufikiri. Fundi akamwelekeza namna ya kuisawazisha kingo ile nyumbani, maana kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Aibu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Akaendelea kuzungusha drili taratibu, akiuyumbisha mkono ili msasa usage pande zote sawa, hadi duara jembamba likang'aa mdomoni. Alipopitisha pamba, haikunasa tena.

Idi nyingine ikafika, ukoo ukakusanyika tena nje ya Riyadh. Hamad alilala kifudifudi mchangani, akafyatua. Kopo likaruka. La pili likaruka, na la tatu. Hamad akainuka, akahakikisha bunduki haina risasi, akapitisha kidole mdomoni. Kidole kikasita kwenye kingo iliyosagwa upya. Akamtazama mkwewe.

"Hamad, mwanangu," Mselem alianza, "mimi ndiye..."

"Macho yamepona, Baba," Hamad alimkatiza upesi, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nimempata daktari mzuri, wallahi."

Akamimina kahawa, akampa mkwewe kikombe cha kwanza, mgongo ameuinamisha kwa adabu. Mselem alitamani atukanwe. Matusi angeyaweza. Heshima hii ilimchoma, naye hakuthubutu kuinua uso.

"Daktari gani huyo?" binamu mmoja akauliza. "Na mimi siku hizi sioni vizuri."

Hamad akajishughulisha na birika la kahawa. Wote wakamgeukia, wakingoja.

Mselem akaweka kikombe chini, akasimama ili amalizie maneno aliyokatizwa.