Mkokoteni wa Mjomba

Enzi za Mjerumani, kabla reli haijafika Morogoro, mtu mwenye mkokoteni mzima hakukamatwa kuwa mpagazi. Ila kila masika yakiisha mkokoteni ulikaguliwa bomani. Ukifaulu, mwenyewe alivikwa kipande cha bati shingoni, askari wakimwona wanampisha. Ukishindwa, unakatwa kuni.

Kasiani wa Kinole aliuchonga wake kwa mti wa mninga, akaupaka mafuta ya nyonyo hadi nzi wakawa wanateleza na kuvunjika miguu. Siongezi chumvi; waliowaona wakichechemea walikuwepo. Alikuwa na sababu: kaka yake alitwikwa mizigo ya Wajerumani, hakurudi.

Siku ya ukaguzi alishuka mjini na mjomba wake Kobelo, mzee ambaye hata kibuyu cha maji kilimshinda. Mjerumani akagonga magurudumu kwa nyundo, akachungulia chini, akainuka anapangusa mikono. Mzima.

Shaushi, mkubwa wa askari, akauliza, "Wa nani huu?"

Sasa Mluguru aliyelelewa, mjomba akiwa amesimama pale, atasemaje "wangu"? Mali ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkuu wake. Kasiani akainamisha kichwa.

"Wa mjomba."

Bati akavikwa Kobelo.

"Na wewe shingo tupu, pita kule kwa wapagazi."

"Bwana shaushi, nimeuchonga mimi! Ile ilikuwa heshima tu!"

"Heshima kaibebe safarini. Haya mzee, sema: wako au wake?"

Mjomba akalipapasa bati lake. "Wa ukoo, bwana."

"Ukoo hauna shingo!" Askari wakacheka.

"Mjomba, waambie!"

"Nenda tu, mwanangu. Nitakutunzia."

Hakuutunza. Aliuacha mvuani, magurudumu yakaoza. Ukaguzi uliofuata, nyundo ilizama kama kwenye ugali. Kobelo akavuliwa bati, akapewa msumeno aukate mwenyewe. Ndiyo sheria.

Siku hiyohiyo msafara wa Kasiani ukaingia bomani. Shingo yake ilikuwa imezama mabegani hata masikio yanagusa shati. Hajapumua, shaushi akamtwika kuni za jikoni. Kasiani akaziangalia, akaona alama za tezo lake la kuchongea. Akamtazama mjomba. Mjomba akainama, anapangusa msumeno.

"Tembea, wewe!"

Akatembea.