Gari Jekundu la Viti Viwili

Nimekaa kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari jekundu ambalo tangu asubuhi hii ni langu, kwenye yadi ya magari Dar es Salaam, namsubiri karani Mfaume amalize kufunga vibao vya namba. Kiti kinanukia ngozi mpya. Maisha yangu yote ya kazi nimeendesha treni ya mizigo, na treni haina usukani. Reli ikikata kona nawe unakata, reli ikinyooka nawe unanyooka, huulizwi. Ndiyo maana nilipostaafu nilitamani kitu kimoja tu, gari la mbio, niligeuze nitakako mwenyewe. Mke wangu Saumu hakulipenda hata kwenye picha. Alfajiri, nilipokuwa natoka nyumbani Morogoro, alisimama mlangoni akaniuliza, Baba Tunu, gari la viti viwili, wajukuu tutawapakia wapi, juu ya bati? Nikacheka, nikaondoka. Sasa jua la mchana limeelemea kioo, joto linanifunika kama blanketi, nashika usukani kwa mikono yote miwili, nafumba macho kidogo tu, na nikishayafumba naona ukuta wa yadi unapasuka katikati, bila kishindo, na nyuma yake kuna barabara.

Mtu anasimama dirishani. Amevaa ovaroli ya yadi, lakini pale panapopaswa kuwa na uso pana ngozi tupu, laini kama kiganja. Ananikabidhi ufunguo. Namuuliza, ndugu yangu, njia ya Morogoro ni ipi? Ananijibu, njia ni ile itakayokuchukua. Namwambia sina maneno mengi, nakwenda nyumbani. Nyumbani wapi? Nyumbani kwangu, kwa mke wangu. Anatikisa kichwa polepole. Nyumbani, anasema, ni pale watakapokulilia. Kisha anaingiza mkono, anakipangusa kile kiti cha pili taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni, anasema, na hiki hakifiki kitupu. Nataka kumuuliza ana maana gani lakini gari limeshaanza kwenda, na mguu wangu bado haujagusa mafuta.

Barabara inakwenda, inakwenda, haina kilima wala mto, lami yake inang'aa kama imemwagiwa maji, na kila nikidhani nimefika mwisho wake inajikunjua tena mbele yangu. Mwanzoni nafurahi, sikatai, nafurahi kama mwendawazimu, upepo unaimba na injini inanguruma kama mnyama aliyeshiba. Halafu inaingia miji. Mji uko kulia na mji uleule uko kushoto, umegeuzwa kama kwenye kioo, duka kwa duka, msikiti kwa msikiti, maandishi ya upande wa pili yanasomeka kinyumenyume, na watu wanaotembea huku wanatembea na kule, ila wa kule hawana nyuso. Baina ya nyumba zao naliona gari jekundu likikimbia sambamba nami. Nikipunguza linapunguza. Dereva wake amevaa shati langu hili la mistari. Nageuza usukani nimkimbie, na usukani unazunguka bure mikononi mwangu, unazunguka kama sahani, huku gari linashika njia yake lenyewe. Hali hii naijua. Niko juu ya reli.

Na mbele, kando ya barabara, amesimama Saumu. Ni Saumu wangu, ana uso wake, ana kikapu cha sokoni na kanga ameitupia begani, anapunga mkono. Gari linapunguza mwendo bila mimi kuliamuru, linasimama mbele yake kama punda aliyezoea kituo. Baba Tunu, anasema, jua kali, nipakie twende nyumbani. Nakitazama kile kiti. Kimebonyea kidogo, kinamsubiri. Namwambia, mke wangu, usipande. Anadhani natania, anashika kitasa. Nainama haraka, naushika mlango kwa ndani, nauvuta kwangu, naye anauvuta kwake, na anashangaa, kisha anaacha kushangaa. Kumbe lilikuwa la peke yako, anasema. Siyo hivyo, Mama Tunu, wallahi siyo hivyo. Basi ni vipi? Nalia tu na kuung'ang'ania mlango mpaka vidole vinakufa ganzi, na gari, likishachoka kungoja, linaondoka. Namwona kwenye kioo, anapungua, anapungua, kikapu kimemwanguka. Upande wa pili lile gari jingine haliko sambamba nami tena. Limenipita. Kiti chake cha pili ni kitupu, nalo linakimbilia kule nyumbani kwangu.

Mzee, mzee, amka. Mfaume ananitikisa bega. Vibao tayari, anasema, umelala fofofo, safari njema. Anakwenda zake. Jua ni lilelile, yadi ni ileile, ukuta umesimama mahali pake. Nachukua simu, nampigia Saumu. Anapokea upesi, sauti yake imechangamka. Ah, Baba Tunu, umefika mapema hivyo? Naisikia honi yako hapo nje, ngoja nakuja kukufungulia. Namwambia, Saumu, mimi bado niko Dar. Anacheka. Acha masihara, gari silo hili ninaloliona? Jamani, kwa kweli ni zuri, nilikuwa nalisema bure. Nasikia geti likivutwa, chuma juu ya saruji. Napiga kelele, Mama Tunu, rudi ndani, funga mlango! Lakini yeye simu ameiondoa sikioni, anaongea na mtu mwingine, kwa upole, kama anavyoongea nami siku zote. Mbona hushuki? Mbona umegeukia kule? Kisha nasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sijui kama umefunguliwa kule kwenye simu au ni huu wa hapa, ubavuni mwangu.