Mwenzake wa Kusoma

Mwanangu Hamdiya alikuwa na kasi ya kusoma kuliko darasa la pili zima, na mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia. Kila jioni, dukani kwangu Kariakoo ninakouza zipu, nyuzi na vifungo, nilimpa kitabu na kuwasha saa ya simu. Ukurasa mzima, sekunde arobaini. Madrasa nako ustadhi alimsifu kwa kuisoma juzuu yake bila kukwama. Sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo.

Basi Mwalimu Angelina aliponiita shuleni, nilidhani kuna zawadi.

"Mama Hamdiya, mtoto anasoma vizuri, ila haelewi anachosoma."

"Mtoto anayesoma vile haelewi nini?"

Akamwita Hamdiya na kumpa hadithi fupi. Alisoma yote, sauti nzuri, hakukosea hata neno. Mwalimu akafunga kitabu. "Bibi alikwenda wapi?"

Hamdiya akanitazama mimi.

"Anasoma Kiswahili kama anavyosoma juzuu," mwalimu akasema. "Kiarabu bado hajafundishwa maana yake, sawa. Lakini hii ni lugha yake. Upimaji ni baada ya wiki tano. Asipojibu maswali, atarudia darasa. Nimempangia mwenzake wa kusoma, Leticia."

Leticia namjua. Alikuwa anasoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka matope. Sikumung'unya maneno: "Huyo atamfanya wangu awe mzito."

"Huyo akimaliza ukurasa, anaujua. Mmoja asome aya, mwingine aulize, kisha wabadilishane. Ukiweza, wafanye hivyo na dukani."

Mimi nina stashahada ya ugavi, si ya ualimu. Nikawaweka kwenye benchi nyuma ya kaunta, na saa ya simu nikaizima.

Siku za kwanza zilikuwa ugomvi mtupu.

"We, subiri," Leticia alimwambia. "Nani kafanya nini?"

"Si nimeshasoma?"

"Umesoma. Haya, niambie."

"Wewe mwenyewe unasoma kama konokono."

"Konokono anafika na nyumba yake. We umefika mikono mitupu."

Nilitaka kuingilia. Nikajizuia, nikaendelea kupanga zipu.

Wiki ya tatu walisoma habari ya familia moja ya Jangwani. Leticia akauliza, "Kwa nini mama alipandisha godoro juu ya meza?"

"Haijaandikwa," Hamdiya akajibu.

"Haijaandikwa, lakini utajua. Rudi nyuma."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu akirudi nyuma. Akaweka kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. "Mawingu meusi," akasema taratibu. "Mvua inakuja. Wanakaa bondeni, maji yataingia ndani." Akainua kichwa. "Godoro likilowa watalala wapi?"

"Hilo sasa ndilo swali," Leticia akasema, na siku hiyo hawakugombana tena. Naye Leticia, kwa kumsikiliza Hamdiya kila jioni, alianza kusoma sentensi nzima kwa pumzi moja.

Siku ya upimaji watoto waliingia mmoja mmoja. Nilisimama nje, karibu na dirisha. Hamdiya alianza vizuri, halafu katikati akanyamaza. Nikashika nondo za dirisha. Mwanangu, songa mbele. Hakusonga. Alirudi mstari mmoja, akausoma upya, ndipo akaendelea.

Msimamizi akauliza, "Kwa nini Turki hakwenda kucheza mpira?"

"Mdogo wake alikuwa anaumwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Lakini mama yao alitoka kwenda kununua dawa, na Turki alikaa kitandani na mdogo wake, anamfuta jasho. Asingemwacha peke yake."

Maswali matano, akajibu yote. Mwalimu Angelina alipotoka naye, aliniambia maneno matatu tu: "Darasa la tatu."

"Mama, umeona nilivyochelewa?" Hamdiya akauliza.

"Nimeona. Umechelewa vizuri sana."

Nikamshika mkono tuondoke. Akauchomoa. "Leticia ndiye anaingia sasa. Tumsubiri."

Tukarudi dirishani. Leticia alisoma bila kidole, sauti imenyooka, na alipofika mwisho wa aya Hamdiya alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwalimu mkuu. Mzazi mmoja aliyesimama pembeni yangu akaniuliza yupi ni wangu.

"Wote wawili," nikamwambia.