Kinyonga wa Mama Mkwe

Kwa miaka sita Tahina Razafimbelo aliwahubiria wanafunzi wake mjini Antananarivo kwamba mtaalamu wa kweli hutofautisha spishi mbili za kinyonga kwa kutazama pua tu. Kwa kutazama pua, yeye mwenyewe alikuwa ametangaza spishi mpya: kijani, mdogo, asiye na pembe, wa misitu ya mashariki. Akampa jina la mama mkwe wake, Hortense, ambaye hadi siku hiyo alimwita "yule kijana wa mijusi".

Ijumaa moja majibu ya vinasaba yakafika. Akayasoma mara tatu. Kinyonga wa Hortense na yule mwenye pembe, aliyepewa jina na Mfaransa mmoja zamani, walikuwa spishi moja. Asiye na pembe alikuwa jike tu.

Ndipo akamkumbuka Rasoa, mama aliyewaongoza msituni, alivyomwambia siku ya kwanza: "Huyu ni mke wa yule. Kila mara nawakuta tawi moja." Naye, bingwa wa pua, alitabasamu akamweleza sayansi ni nini. Alieleza karibu nusu saa, mvua ikimnyeshea mama wa watu.

Jumapili akaenda kula kwa mkwe. Picha ya kinyonga ilikuwa ukutani, kwenye fremu kubwa kuliko ile ya harusi ya Tahina na mkewe Lalaina.

"Mama, nilikosea," akasema. "Kinyonga wako hayupo."

"Amekufa?"

"Hapana. Kumbe ni jike la yule mwenye pembe. Na jina lililotangulia ndilo linalobaki, kwa hiyo lako linafutwa."

Mama Hortense akajiongezea wali. "Miaka sita unawatazama, hukujua dume na jike?"

"Sikujua."

"Na una watoto wawili."

Lalaina akainamia sahani, mabega yakimtikisika.

"Nani mwingine anajua?" mama mkwe akauliza.

"Ni Rasoa tu, mama aliyetuongoza msituni; aliniambia tangu siku ya kwanza. Ningeweza kunyamaza, ila..."

"Ila utaandika. Na huyo mama wa msituni jina lake litangulie lako."

Makala ikatoka Oktoba, Rasoa akiwa mwandishi wa kwanza. Mama Hortense hakuishusha picha. Wageni wakiuliza, huwaambia mkwewe ndiye aliyefichua kosa kubwa la wataalamu, na kosa lilikuwa la nani, hasemi.