Sarafu za Mama Zilivyokwenda Kupimwa

Baba mdogo alipoingia dukani kwangu na begi la michezo begani, nilijua kabla hajalifungua kwamba ndani mna sarafu. Fedha ina mlio wake ikigongana, na mimi nimekulia kwenye mlio huo. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamvutia kiti, nikakifuta vumbi. Mtu huyo nilikuwa nimemngoja tangu nikiwa msichana wa shule.

Nieleze mapema, nisije nikaonekana mbaya bila sababu. Duka hili lilikuwa la marehemu baba. Tunanunua na kuuza fedha, namaanisha madini yenyewe, si hela: sarafu nzito zinazotengenezwa kwa maelfu, zote sawa, thamani yake ni uzito wake na basi. Baba alikuwa akimletea mama moja moja nyumbani, ziwe akiba yake. Mama, kwa vile alimjua mumewe, alikuwa akichukua rangi ya kucha, ile nyekundu ya kuwaka, anaweka nukta moja ukingoni mwa kila sarafu. "Hii yangu," anamwambia, "isije ikatembea ikarudi dukani." Baba anacheka. Sanduku likajaa, mia na kitu.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja kutusaidia kupanga vitu vya marehemu. Alipanga vizuri kweli, maana sanduku liliondoka naye. Kwenye kikao cha familia mama alisema kila sarafu yake ina nukta ya rangi ya kucha ukingoni, na baba mdogo akaapa kwamba hajawahi kuona sanduku wala sarafu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye katika ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho, alimtazama mama vidole akasema mbele ya watu wote, "Labda umeziuza mwenyewe, wifi, ukanunulia rangi za kucha." Watu wakacheka.

Tangu siku ile mama akisema jambo lolote mbele ya ndugu wa baba, hata kwamba chumvi imezidi, hakosi mtu wa kumkonyeza mwenzake. Nilikuwa nimekaa mlangoni wakati wanacheka, na kicheko kile sijakisamehe. Sarafu zirudi zisirudi, hilo lilikuwa la pili. Nilitaka shangazi ameze maneno yake, na baba mdogo awe amekaa hapo hapo akimtazama anavyoyameza.

Sasa alikuwa mbele yangu, anamwaga sarafu kwenye kaunta kama anamwaga maharage.

"Nimezinunua kidogo kidogo kwa mshahara wangu," akasema, na wala sikuwa nimemuuliza. "Nataka ziende kwa wapimaji. Si wewe ndiye unayetuma?"

Hapa mjini ni mimi tu ninayetuma. Wapimaji wako ng'ambo. Unawapelekea sarafu, wanaichunguza kwa lensi kali, wanaipa alama, ya juu kabisa ikiwa sabini, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye kibandiko cha maelezo. Baba mdogo alikuwa ameona kwenye simu sarafu ya alama sabini ikiuzwa kwa bei ya pikipiki, na tangu hapo usingizi ulikuwa umemruka.

Nilivaa glavu, nikachukua moja, nikaiweka chini ya lensi yangu. Iling'aa vibaya, mng'ao wa sufuria. Mikwaruzo myembamba ilikuwa imetapakaa uso mzima. Mtu alikuwa amezisugua zote kwa waya wa kuoshea vyombo, kitu ambacho mtu wa fedha hakifanyi hata akiwa amelewa. Nikajiuliza alikuwa anafuta nini. Nikaigeuza ubavu. Ukingo wa sarafu una vijitaro vingi vyembamba, na waya haufiki chini kabisa. Huko chini, kwenye vijitaro viwili, palikuwa na wekundu.

Nikachukua ya pili. Nikachukua ya tatu. Kisha nikaweka lensi chini taratibu.

"Vipi, kali eh?" akauliza.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Lakini nani angenisikiliza? Mimi ni mtoto wa yule muongo. Wangesema nimezipaka mwenyewe. Nilihitaji jicho la mtu asiyetujua, na nilihitaji baba mdogo mwenyewe alitake jicho hilo kwa nguvu zake zote.

Basi nikamwambia ukweli. Huyu namjua: yeye hamwamini mtu yeyote, kwa sababu kila mtu anamdhania kuwa mwongo kama yeye.

"Hailipi, baba mdogo," nikasema. "Hizi si sarafu adimu, ni za jumla. Piga ada ya wapimaji, bima, usafiri wa kwenda na kurudi, ushuru. Kwa kila sarafu, gharama inakaribia bei ya fedha iliyomo. Ukipata sabini, sawa, utaona faida. Ukipungua hata alama moja, umenunua plastiki. Na hizi zimesuguliwa. Iliyosuguliwa hawaipi hata alama."

Hakuna neno la uongo hapo. Kisha nikainamia kaunta, nikaacha hamu ionekane usoni. "Niuzie mimi kwa uzito. Leo leo, nakupa taslimu."

Akajiegemeza kwenye kiti, akanipima kwa macho, akacheka.

"Na wale wa mtaa wa pili wameniambia hivyo hivyo. Hailipi, hailipi, tuuzie sisi. Mnaniona nimetoka porini?"

"Hapana, baba mdogo."

"Wewe kweli mtoto wa mama yako. Eti zimesuguliwa! Nimezisafisha zipate hadhi. Tuma zote."

"Tujaribu hata mbili tatu kwanza, jamani."

"Nimesema zote!"

Nikambembeleza tena na tena, na kila nikimbembeleza ndivyo alivyozidi kukaza. Hela ya gharama hakuwa nayo, kwa hiyo tukafuata utaratibu wa duka, ule ule kwa kila mteja tangu enzi za baba: duka linatanguliza gharama, mzigo ukirudi mwenyewe analipa, akishindwa mzigo unabaki kuwa wa duka. Nikamsomea kwa sauti. Akasaini huku anaangalia simu.

Gharama nilizitoa kwenye akiba yangu, nikaikausha. Yaani nililipa karibu bei nzima ya sarafu za mama yangu ili watu wa mbali wazitazame tu. Ni hesabu ya kijinga, na mteja akiniletea hesabu hiyo huwa namrudisha nyumbani kwa huruma. Mimi nilitoa hela ile nikiwa nafurahi.

Baba mdogo hana kifua cha kuweka jambo. Ukoo mzima ukajua kwamba anakaribia kutajirika. Mzigo uliporudi akataka ufunguliwe mbele ya mashahidi, akamleta shangazi kwa teksi, akamkalisha kwenye kiti kizuri. Hapo hapo nikampigia mama simu, nikamwambia aje dukani.

"Kuna nani huko?" akauliza.

Nikamtajia. Akasema anavaa viatu.

Alifika kucha zake zikiwa nyekundu. Hakuwahi kuacha kuzipaka, hata mwaka ule waliomcheka. Shangazi aliitikia salamu yake bila kumwangalia.

Nikakata utepe, nikafungua boksi. Kasha la kwanza nikampa shangazi kwa mikono miwili. Alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na lugha ya wapimaji anaisoma kuliko sisi sote.

"Tusomee, shangazi. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Akavaa miwani. "Namba sioni. Wameandika kwamba ni halisi. Haikupewa alama. Imesuguliwa kwa kitu kikali."

"Hiyo moja tu," baba mdogo akadakia. "Soma nyingine!"

"Subiri, kuna mstari wa chini." Akasogeza kasha karibu na macho. "Mabaki ya rangi nyekundu ukingoni."

Nikampa la pili. Halisi, imesuguliwa, rangi nyekundu ukingoni. Nikampa la tatu, nikampa la nne. Sikuwa na haraka. Kila nikikabidhi kasha nilikuwa namtazama baba mdogo, na utamu niliousikia sitaki kuuficha. Alianza kwa kubisha, akaja akawa anapangusa paji la uso, mwisho akawa anasoma tangazo la ukutani ambalo limefifia maandishi. Shangazi akaacha kusoma kwa sauti. Alikuwa anatazama mikono ya mama, ambayo mama alikuwa ameituliza juu ya kaunta, vidole vyote kumi vikionekana.

"Ulisema umezinunua kwa mshahara wako," shangazi akamwambia mdogo wake.

"Dada, rangi nyekundu ziko nyingi duniani."

"Kwa hiyo mshahara wako ulikuwa unapaka kucha?"

Nikaona sasa zamu yangu imefika, nikamwekea mbele karatasi ya gharama. Alipoona jumla yake akashika kifua.

"Mwanangu, sisi ni damu moja. Niachie hata nusu."

"Nilikwambia hailipi, baba mdogo."

"Ulijua! Ulijua tangu siku ile!"

"Nilijua, nikakwambia, ukakataa. Saini yako hii hapa."

Nilijitafutia huruma moyoni, nikaikosa. Shangazi akamgeukia mama. "Wifi," akaanza, akakwama. Siku ile mbele ya watu maneno yalimtoka bila taabu, na sasa hata moja lilikuwa halitaki kutoka. Mama alimwangalia tu. Hakumsaidia.

Kisha mama akaniomba nyundo. Akalilaza kasha la kwanza kwenye kaunta, akaligonga, plastiki ikapasuka. Akaitoa sarafu kwa vidole vitupu, akatoa kichupa cha rangi kwenye mkoba, akakitikisa, akaweka nukta moja ukingoni. Akaipuliza mpaka ikakauka. Halafu akaisukuma nyundo mbele ya baba mdogo.

"Shemeji, vunja hizo nyingine. Mikono yangu imechoka siku hizi."

Baba mdogo akamwangalia dada yake amtetee. Shangazi akamwambia, "Umesikia." Akashika nyundo, akaanza kuvunja, moja baada ya nyingine, vipande vya plastiki vikimrukia shati. Shangazi, bila kuambiwa na mtu, akavuta kiti, akachukua kichupa na kuanza kupaka, akichovya brashi kwa haraka.

"Taratibu, wifi, usiimwage," mama akamwambia. "Rangi hiyo ni ghali. Niliuza sarafu kuinunua."