Mdomo wa Kasyoka

Rangi ilikuwa bado mbichi Kisilu alipofika kanisani kijijini, asubuhi ya kufungua tangi jipya la maji, na hasira ikampanda mpaka akashindwa kuitikia salamu.

Makueni nzima ilimjua Kisilu kwa brashi. Simba na mabasi yenye mabawa kwenye kuta za hoteli za mji wa Wote, yote yake. Lakini mwaka huo wa 1987 mama yake, Kasyoka, alipofariki, rangi zilimshinda. Akafinyanga umbo la nta ya nyuki, akalifunika kwa udongo, akayeyusha mifereji ya bomba na kufuli kuukuu, akamimina ndani, akatoa sanamu ya shaba: mwanamke aliyeota mizizi miguuni, kifuani ana mlango uliofungwa kwa komeo, na uso wake hauna mdomo. Akaitoa kwa kanisa isimame kando ya tangi, maana kubeba maji ndiko kulikommaliza marehemu mgongo.

Sasa sanamu ilikuwa imevishwa gauni la buluu. Aliyeipaka ni baba yake, Mzee Ndolo, mwenyekiti wa kamati ya tangi. Alieleza kwa fahari kwamba mchoraji ameleta kitu bila rangi, kamati ikajua hakijaisha, naye akaona amsaidie mtoto. Ndiyo maana ameongeza na mdomo, mwekundu, unaotabasamu.

Gauni Kisilu angelimeza. Lakini mdomo, tena kwa mkono uleule! Kasyoka alikuwa akifungua kinywa mezani, Mzee anamrushia kikombe. Alikufa hajamaliza hata sentensi moja mbele ya mumewe, na leo mume huyohuyo anamchekesha mbele ya wageni. Mzee hana haya hata kidogo.

Kisilu alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaanza kuufuta mdomo huo.

"Wacha hiyo," Mzee Ndolo akasema. "Mtu hana mdomo si mtu."

"Na hivyo ndio uliishi na yeye, Baba."

Mzee aliwageukia wanawake wa mstari wa mbele, wale waliokuwa wakienda mtoni na Kasyoka, wamtetee. Kisha Mbinya, mkubwa wao, akasimama, akafungua leso kichwani, akaichovya ncha kwenye mafuta ya taa, na kuanza kufuta upande wa pili.