Sahani ya Mdhamini

Hilario Macaraeg alikula chakula cha jioni saa kumi na moja unusu, kabla ya taarifa ya habari, kwa sababu akila baadaye kiungulia kilimkosesha usingizi. Jumanne hiyo alipika wali, akakaanga samaki wakavu wawili, akafungua dirisha la jikoni ili harufu isiwakere wapangaji wapya wa upande wa pili, akakata nyanya na kuzimwagia siki. Alijipakulia, akapiga ishara ya msalaba, akafumba macho kusali. Alipoyafumbua, nusu ya chakula haikuwapo.

Hakikuwa kimeliwa ovyo. Wali ulikatwa katikati kama uliopimwa kwa rula. Samaki mmoja alikuwapo, mwingine hayupo. Hilario aliangalia chini ya meza, kwa kuwa paka wa jirani alikuwa na tabia hiyo, na alipokosa kumwona akala kilichobaki, kisha akajipakulia tena. Nusu yake nayo ikaenda. Akamaliza kula, akaosha sahani, akawasha televisheni.

Ilipofika Ijumaa alikuwa amegundua mambo mawili. Chakula kiliondoka jioni tu. Asubuhi na mchana hakikuguswa. Na ukoko ndio uliotangulia. Aliubandua chini ya sufuria na kuuweka pembeni mwa sahani, ili aumalizie mwisho, na kabla hajaugusa ulikuwa umeshakwenda wote, si nusu. Mtu mmoja tu katika nyumba ile aliwahi kupenda ukoko kiasi hicho, naye hakai tena pale.

"Ni mkweo," alisema Perpetua, jirani yake, mjane aliyemletea mboga za bustani yake kila Ijumaa. Alikuwa amesimama jikoni na fungu la majani ya viazi mkononi, akiutazama wali ukipungua. "Jovelyn ana njaa mahali. Wewe si ulisaini?"

"Nilisaini."

"Basi. Dada yangu kule Daly City alimdhamini mumewe, wakaachana, mwanamume akahamia Texas. Mpaka leo maji ya moto ya dada yangu ni nusu. Akioga, yanageuka baridi angali na sabuni mwilini."

"Amefanyaje?"

"Anaoga haraka."

Perpetua akaweka majani ya viazi kwenye beseni na kumwambia, kama ni hivyo, apike zaidi.

Hilario alikuwa amesaini miaka minne nyuma. Mwanawe wa pekee, Rodel, alikwenda Ufilipino, mkoa wa Capiz, kwa ndugu za marehemu mama yake, kula sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, akarudi Vallejo ameoa. Ili kumleta mke Marekani, ilimpasa kuonyesha kwamba kipato chake kinatosha kumtunza, asije akaiomba serikali chakula. Rodel alikuwa na kazi nyingi na kipato kidogo. Leo anauza simu, kesho anabeba abiria wa mtandaoni. Kwenye karatasi hakufika. Baba yake alifika, kwa pensheni ya karakana ya manowari alikochomelea vyuma ujana wake wote, na nyingine ndogo ya kutengeneza mabasi ya shule.

Fomu ilijazwa sebuleni kwa Ofelia Dizon, mwanamke aliyewajazia Wafilipino wa mtaa ule karatasi za kodi na za uhamiaji. Ofelia hakuwa mtu wa kupaka mambo asali.

"Mzee Hilario, nisikilize kabla hujashika kalamu," alisema. "Hapa humsifii mtu tabia. Unaiahidi serikali kwamba binti huyu hatalala njaa. Ahadi inaisha akipata uraia, au akishafanya kazi ya kuandikishwa miaka kumi, au akiondoka nchi hii moja kwa moja, au mmoja wenu akifa."

"Na wakiachana?"

"Kuachana hakumo."

Rodel alicheka. "Baba naye! Mtu hata hajapanda ndege, umeshamwachisha?"

Jovelyn alikuja, akakaa nao miaka miwili. Kwao alikuwa akifundisha watoto wa chekechea. Vallejo alifundisha nyanya za Hilario kusimama wima kwa vijiti, na jioni walitazama pamoja mashindano ya waimbaji kutoka Manila, kila mmoja akishangilia mwimbaji wake na kumtukana wa mwenzake. Rodel alianza kurudi kwa kuchelewa, kisha akawa harudi baadhi ya siku. Jioni moja, mezani, alisema ana mwanamke mwingine, Trisha, na kwamba Jovelyn atafute pa kwenda, kwani Trisha ana mtoto na chumba kitahitajika. Alilisema hilo huku akiomba apitishiwe chupa ya sosi ya soya.

Jovelyn hakumtazama mumewe. Alimgeukia baba mkwe. Hilario aliendelea kula, akichambua miiba ya kipande cha samaki kisicho na miiba. Asubuhi Jovelyn aliondoka na begi lake. Trisha hakuja kamwe. Rodel ndiye aliyehamia kwake Sacramento. Talaka ilipita mahakamani bila mtu kupinga.

Baada ya maneno ya Perpetua, Hilario alimpigia mwanawe simu.

"Sahani yako ikoje?"

"Sahani gani, Baba?"

"Unapokula jioni. Chakula hakipungui?"

"Changu kizima. Kwa nini?"

"Jovelyn anakula kwangu."

"Aa, hiyo. Ofelia alishanieleza. Mimi kwenye karatasi sina kitu, Baba. Biashara ya magari iko kwa jina la Trisha. Sasa kwangu watachukua nini?"

"Na wewe ulisaini. Ndiye mume."

"Nilisaini, sikatai. Lakini huwezi kumkata nusu mtu asiye na kitu."

Hilario alimuuliza Ofelia, naye akathibitisha. Wote wawili walifungwa sawasawa, na jambo kama hilo huanzia pale palipo na kitu. Alishaona wengi. Kuna mzee wa kule Benicia ambaye gari lake liliishiwa mafuta kila alipofika nusu ya safari, mpaka shemeji yake wa zamani alipopata uraia.

Tangu hapo Hilario akapika chakula cha watu wawili. Pensheni haikujua kwamba wako wawili, kwa hiyo aliacha kununua gazeti na akaacha kucheza bingo ya parokia. Baridi ilipoanza aliweka sweta juu ya sahani. Halikwenda. Aliweka noti ya dola ishirini chini ya wali. Wali ukaenda, noti ikabaki imelowa mafuta. Aliandika "Uko wapi?" kwenye kikaratasi, nacho kikabaki. Alichoahidi ni njaa tu, na kilichokwenda ni chakula tu.

Siku ya Krismasi Rodel alikuja kula kwa baba yake. Walikaa wakitazamana. Wali wa baba ulipungua, wa mwana ukabaki kilima.

"Bado tu?" Rodel aliuliza, akijiongeza nyama. "Mwambie basi arudi kwao. Akipanda ndege tu, sahani yako imepona. Nauli nitachangia."

"Nitamwambia wapi? Najua aliko?"

"Si yuko Fairfield, kwenye ile nyumba ya kutunza wazee, ya mama mmoja wa kwetu. Trisha alimwona sokoni."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Ungefanya nini, Baba?"

Hilario alimwomba amwandikie mtaa na namba ya nyumba, na baada ya mwaka mpya akapanda basi kwenda Fairfield.

Ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na wazee sita ndani. Jovelyn alifungua mlango akiwa na glavu na aproni. Alikonda usoni, lakini si sana.

"Baba. Karibu. Pita pembeni, sakafu imelowa."

Alimkalisha jikoni, akaendelea kumlisha uji mzee mmoja wa kiti cha magurudumu.

"Chumvi, Baba," alisema hatimaye. "Punguza. Una presha wewe."

"Kinafika chote?"

"Kinafika, tena cha moto. Sahani yangu naiweka juu ya mashine ya kufulia. Saa kumi na moja unusu natega tu."

Alimweleza mambo yake bila kupandisha sauti. Asubuhi na mchana alikula mabaki ya wazee. Jioni mwenye nyumba alifunga friji kwa kufuli. Alilala kwenye kochi la ukumbini, na mzee yeyote akiita usiku, huamka. Alilipwa mkononi, kidogo, na kingi katika hicho kidogo kilikwenda Capiz kwa figo za mama yake.

"Lakini anakuandikisha?" Hilario aliuliza. "Ile miaka kumi, inahesabiwa?"

"Anaiandikisha wapi? Kwa serikali mimi sina kazi. Miaka kumi yangu haijaanza hata siku moja."

"Si umwambie."

"Nikimwambia, kesho kochi lina mtu mwingine, na mimi nalala stendi. Wewe utanitumia chakula stendi?"

"Kitafika popote," alisema Hilario. Kisha akasema alichokuja kusema. "Rudi nyumbani, mwanangu. Chumba kipo. Rodel hayupo."

Jovelyn alimfuta mzee uji kidevuni.

"Siku ile nilikutazama."

"Najua."

"Sikutaka umpige. Nilingoja neno moja. Hata ungesema tu, 'Mwache mtoto amalize kula.'"

"Najua, mwanangu."

"Chakula nitakula, maana kinakuja. Nyumbani kwako hapana."

Hilario alimwomba msamaha. Aliomba polepole, kwa maneno yote yanayostahili, na yule mzee wa kiti cha magurudumu, ambaye alikuwa kiziwi, akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Jovelyn akacheka ghafla, akaziba mdomo kwa glavu, kisha macho yake yakajaa. Hakusema amesamehe. Alimtengenezea kahawa, akamwonyesha kituo cha basi la kurudia, na alipokuwa akifunga mlango akauliza:

"Kesho unapika nini?"

"Unataka nini?"

"Mchuzi wa ukwaju. Na kichwa cha samaki, kama kipo."

Kilikuwapo. Kesho yake Hilario aliamka mapema kukitafuta, na jioni kichwa kizima kikaenda. Yeye akala mkia.

Mwezi wa tano Rodel alirudi Vallejo na furaha nyingi. Trisha alikuwa amemfukuza na kubaki na magari, yaliyokuwa yake kwenye karatasi, lakini Rodel alikuwa amempata mchumba mtandaoni, msichana wa Iloilo anayeitwa Cherilyn, na harusi ingekuwa mwezi unaofuata. Alimchukua baba yake mpaka sebuleni kwa Ofelia kabla hata ya kumweleza sababu. Ofelia alivaa miwani.

"Tuanze. Nyumbani kwako mko wangapi, Mzee?"

"Wawili," alisema Hilario.

"Yuko peke yake," Rodel alimsahihisha. "Baba anazeeka."

"Wawili ni sawa," Ofelia alisema, akiandika. "Unahesabu kila uliyemdhamini ambaye ahadi yake haijaisha. Jovelyn ni mtu wa nyumba yako."

"Jovelyn hata haishi pale!"

"Fomu haiulizi anaishi wapi."

"Na mimi je? Mimi si mwanawe?"

"Wewe ni mtu mzima, una kwako. Wewe huhesabiwi."

Rodel alicheka, akitazama huku na huku kama anayetafuta wa kucheka naye. Ofelia alipiga hesabu yake. Kwa watu wawili pensheni ilitosha. Na Cherilyn watakuwa watatu, haikufika.

"Mfute Jovelyn basi."

"Hafutiki."

"Hata kama ingefika," alisema Hilario, akimtazama mwanawe usoni, "nisingesaini. Mwambie huyo binti ukweli kabla hajaaga kwao. Mwambie wa kwanza anakula juu ya mashine ya kufulia."

"Baba, huyu ni tofauti. Huyu nampenda."

"Mwambie hivyohivyo."

Rodel alisimama, akasema baba yake amepandikizwa maneno, akatoka. Hilario alibaki akinywa chai na Ofelia. Alipofika nyumbani alimkuta Perpetua mlangoni akamweleza yote.

Kule Fairfield hakuna kilichobadilika. Mwenye nyumba ya wazee alinunua kufuli jipya, na kazi ya Jovelyn haikuandikwa popote. Mara moja moja, Jumapili, Hilario alipanda basi akaketi naye jikoni kwa muda wa kahawa moja. Hakumwomba tena arudi.

Cherilyn hakuambiwa kitu. Rodel alipata mtu mwingine wa kusaini, mjomba wa marehemu mama yake huko Stockton, mstaafu wa posta, mpole, asiyejua kumkatalia mtu, na anayependa sana kula. Alisaini kabla ya kiangazi kwisha. Perpetua alipopata habari alikwenda dukani, akachagua sufuria ya wali ya kutosha watu wanne, akaifungasha vizuri kwenye boksi, akampelekea mzee huyo wa Stockton.